Mjomba na buibui wa kwenye kuni
Huku Urambo, mjomba aliumwa mkononi na buibui mjane, aina ya buibui mwenye sumu, alipokuwa akipanga kuni za bani (banda la kukaushia tumbaku), na muda si mrefu tumbo likakakamaa kama ubao huku jasho likimtiririka, hata jirani akadhani ni kidole tumbo. Daktari alieleza kwamba sumu hiyo huchochea mishipa ya fahamu kumwaga kemikali zake kupita kiasi, ndiyo maana misuli hukaza ingawa jeraha lenyewe halionekani sana. Alitibiwa kwa dawa za maumivu na diazepamu ya kulegeza misuli, huku akipimwa shinikizo la damu. Dawa maalumu ya kuzuia sumu, ambayo hutengenezwa Afrika Kusini, huhitajika kwa waliozidiwa. Kuchanja kwa wembe, walikopendekeza wazee (kwa nia njema), hakutoi sumu, huongeza kidonda tu.