Laptopu ya zamani imenitoa jasho kisa waifai

Jamani jana nimekesha mpaka saa nane usiku na hii laptopu yangu ya mwaka 2011, waifai ya jirani inaiona vizuri tu ila ya kwangu mwenyewe ninayoilipia haionekani kabisa, na simu hapo hapo imeshika freshi. Nikazima nikawasha, nikafuta draiva (programu inayoendesha kadi ya waifai) nikaiweka upya, nikacheki ile swichi ndogo ya pembeni ya kuwasha na kuzima waifai (wengi tunaigusa bila kujua halafu tunalaumu mtandao), wapi. Nikaanza kuwaza fundi atanila elfu ishirini.

Dogo akaniuliza, kaka hiyo ruta mpya, kiboksi cha waifai, inarusha gigahezi ngapi, yaani masafa gani ya mawimbi? Ha! Nikaingia kwenye setingi za ruta kwa simu, kumbe aliyekuja kufunga kaacha 5 tu, ile 2.4 kaizima, na kadi ya waifai ya hii laptopu inasoma 2.4 peke yake, hiyo 5 kwake haipo duniani. Nikaiwasha, sekunde chache jina likatokea. Spidi sio ya kutamba ila hapa naandikia hiyo hiyo. Dogo anadai soda yake.