Pikapu yangu ilivyokuwa inakula oili, na Mlima Kitonga ulivyonionyesha sababu

Taa nyekundu ya oili iliwaka kwenye kona. Nilikuwa natoka Ruaha Mbuyuni na magunia ya vitunguu, nimeshauanza Mlima Kitonga kwenye barabara ya kwenda Iringa, jua linazama. Iliwaka sekunde mbili tatu nilipokata kona, ikazima. Kona ya mbele ikawaka tena. Nilipopata pa kusimama nikazima injini, nikangoja, nikachomoa stiki ya oili. Ilikuwa kavu, ncha tu ndiyo ina utelezi. Oili ikipungua kiasi hicho, gari likilala upande kwenye kona oili nayo inakimbilia upande, na pampu inabaki kunyonya hewa. Nyuma ya siti nilikuwa na dumu. Zilikwenda lita 2 na nusu ndipo stiki ikasoma alama ya juu.

Injini yenyewe ni ya petroli, silinda 4, inachukua lita 4 na kidogo. Kwa hiyo nilikuwa napandisha tani nzima ya vitunguu na oili isiyofika nusu. Na sevisi nilikuwa nimefanya kilomita 1,600 tu nyuma. Usiku ule sikupata usingizi. Pikapu hii ndiyo inayolipa ada za watoto wangu.

Gereji ya kwanza niliyokwenda haikunichukua dakika kumi. Fundi alipiga resi mara mbili, akatazama ekzosi, akasema, "Mama, hizo ni ringi. Injini ishuke." Ringi ni zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande kwenye chumba cha moto. Bei aliyonitajia ilikuwa milioni 1 na laki 8, spea na ufundi. Nilikuwa na fedha ya msimu mkononi, na nakiri nilikaribia kuitoa. Kilichonizuia ni kwamba hakupima kitu chochote. Hakuniuliza inakula kiasi gani, hakuniuliza moshi unatoka wakati gani, hata plagi moja hakufungua. Mimi siuzi vitunguu bila mizani, nikaona siwezi kukubali injini yangu ifunguliwe kwa kukisia.

Nikaanza kupima mwenyewe. Mbele ya duka la jirani yangu pana sakafu ya zege iliyonyooka. Nikaifanya hiyo ndiyo sehemu ya kipimo, pale pale kila mara, injini imezimwa kwa dakika 10 ili oili yote ishuke kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Nikajaza mpaka alama ya juu kabisa, nikaandika kilomita kwenye daftari. Baada ya kilomita 500 nikarudi pale pale nikajaza tena, safari hii kwa chupa ya mtoto, ile yenye alama za mililita. Ziliingia 750. Hiyo ni lita 1 na nusu kwa kilomita 1,000. Vitabu vya magari mengi huvumilia mpaka karibu lita 1 kwa kilomita hizo, na injini nzima hata robo ya hapo haili. Sasa nilikuwa na namba, na kila nitakachobadilisha nitajua kimesaidia au hakikusaidia.

Oili inapotea kwa njia mbili, inavuja au inaungua. Nilianza na kuvuja kwa sababu hakuna gharama. Niliosha injini kwa mafuta ya taa na brashi, nikaikausha, nikapulizia poda ya mtoto kwenye maungio yote, kisha nikazunguka nayo mjini nusu saa. Poda haifichi kitu: oili ikipita inaacha mstari mweusi. Mstari ulikuwa mmoja, mwembamba, chini ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Nikalaza boksi kubwa chini ya gari usiku kucha, asubuhi nikakuta matone matano. Matone 20 hivi ndiyo mililita 1. Hata kama gari likiwa la moto linavuja mara nyingi zaidi ya hapo, mililita 750 hazitoki kwenye ule ufa. Pale injini inapokutana na gia boksi palikuwa pakavu, kwa hiyo oili sili ya nyuma haikuhusika. Gasketi ya tapeti kava nilibadilisha, lakini nilijua siyo yenyewe. Rejeta pia niliifungua injini ikiwa baridi: maji safi, hayana utando wa mafuta, na oili kwenye stiki haijawa nyeupe kama maziwa. Gasketi ya silinda hedi (hedi ni kipande cha juu cha injini chenye valvu), ile inayotenganisha maji na oili, nikaitoa kwenye mashaka.

Basi ilikuwa inaungua. Ila inaingia wapi?

Watu waliponiona nahangaika walinipa ushauri mwingi. Wengine waliniambia niweke oili nzito, wengine wakaniuzia dawa ya kopo ya kuzuia moshi. Dawa nilijaribu. Kilomita 500 zilizofuata ziliingia mililita 740, yaani fedha yangu ilinunua mililita 10. Oili nzito sikutaka, kwa sababu ingenipunguzia moshi na kunificha ugonjwa, na asubuhi za baridi za Iringa oili nzito inachelewa kufika juu.

Jambo lililonifungua macho lilitoka kwa mwenzangu wa biashara, ambaye lori lake dogo, Kanta, lilikuwa nyuma yangu safari mbili mfululizo. Tulipofika Ruaha Mbuyuni akaniita kando. "Mama, ukiwa unashuka gari lako halina moshi. Ukifika chini ukakanyaga mafuta, linatoa wingu la bluu mpaka sikuoni. Lakini jana ukiwa na mzigo unapanda, nilikuwa nyuma yako mlima mzima, safi kabisa."

Niliyarudia maneno yale kichwani njia nzima. Safari iliyofuata nilimpakia mdogo wangu nyuma ya pikapu, mikono mitupu na macho kwenye ekzosi. Nilishuka Kitonga kwa gia ya pili, mguu haugusi mafuta, nikaacha injini ilizuie gari. Kule chini kwenye mibuyu nikakanyaga. Akagonga bodi: moshi, wa bluu, mwingi, kwa muda wa kama kuhesabu mpaka nane, kisha ukakatika. Kupanda na magunia, hakuna kitu. Na asubuhi, gari likiwa limelala usiku mzima, pumzi ya kwanza ya ekzosi ilikuwa ya bluu, halafu kweupe.

Namba na maelezo hayo nikampelekea fundi mmoja mzee pale Ilula, juu ya mlima, mtu wa maneno machache. Nilipomwamkia na kumsomea daftari, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ringi zikifa, gari linavuta moshi likiwa kazini. Lako linavuta likishapumzika. Oili yako inatoka juu."

Akanieleza kwa utulivu. Unaposhuka mlima mguu ukiwa juu, njia ya hewa ya injini imefungwa, lakini pistoni bado zinakwenda na zinanyonya kwa nguvu sana, kama mtu anayenyonya mrija aliouziba kwa kidole. Nguvu ile inavuta oili kutoka juu ya hedi, ipite pembeni ya shina la valvu, iingie silinda. Kazi ya valvu sili, kijipira kidogo kinachovaa kwenye shina, ni kuizuia isipite. Kijipira kikikauka, oili inashuka. Unapokanyaga mafuta, ile iliyokusanyika njia nzima ya mteremko inaungua kwa mara moja. Na usiku gari likiwa limesimama, matone yanashuka polepole juu ya valvu, ndiyo yale ya pumzi ya asubuhi. Kupanda na mzigo ni kinyume chake: njia ya hewa iko wazi, mnyonyo ni mdogo, moto ni mkali. Hapo ringi mbovu zingejionyesha zenyewe.

Hata hivyo hakukubali kufungua kwa maelezo tu, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Kwanza aliacha injini iungurume, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akakiweka juu ya tundu bila kukifunga. Kilitikisika kidogo tu. Ringi zikiwa zimekwisha, gesi ya moto inapenya kushuka chini ya pistoni na pumzi yake inakirusha. Akachomoa valvu ya brisa, ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye njia ya hewa, akaitikisa karibu na sikio langu. Kimya. Ilikuwa imegandiwa na uchafu mweusi kama lami. Aliiloweka kwenye petroli, akaisugua, akatikisa tena ikagonga "ka, ka". Akaniambia niende nipime kilomita 500 kabla hatujaendelea. Ziliingia mililita 640. Imepungua, lakini kazi bado.

Niliporudi alifungua plagi. Ya 1 na ya 4 zilikuwa na rangi ya kahawia inayokubalika. Ya 2 na ya 3 zilikuwa nyeusi, zinang'aa kwa oili mbichi, siyo ule weusi mkavu wa petroli nyingi unaofutika kama masizi ya sufuria. Kisha akapima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda, injini ya moto, plagi zote nje, pedeli ya mafuta chini kabisa: pauni 145, 140, 145, 145. Ukisoma hizo ukiwa Dar es Salaam unaweza kuona ni ndogo, lakini huku juu hewa ni nyepesi na geji yoyote itasoma pungufu. Kikubwa ni kwamba silinda zote zinalingana. Akamimina kijiko cha oili kwenye tundu la kila plagi, akapima upya. Zilipanda pauni 5 mpaka 10 tu. Ringi zingekuwa zimekwisha, oili ile ingeziba mianya na geji ingeruka juu sana.

Hedi hakuishusha. Hapa nilijifunza kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alipitisha kamba laini ya nailoni kwenye tundu la plagi, ncha ikabaki nje, kisha akazungusha injini kwa spana taratibu mpaka pistoni ikaibana kamba dhidi ya valvu. Valvu zikawa zimeshikwa kutoka chini, haziwezi kuangukia ndani. Akabana springi, akatoa vile vipande viwili vidogo vinavyofunga shina, akang'oa sili. Zile za valvu za kuingiza hewa zilikuwa ngumu kama kucha. Ya silinda ya 3 ilipasuka mkononi mwake. Kabla ya kuvisha mpya alilitikisa kila shina ubavu kwa ubavu kuona kama tundu linamopita limelika. La silinda ya 3 lilikuwa na mchezo kidogo. Sili zote 8 zikabadilishwa, nafasi za valvu zikapimwa upya kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, saa 11 jioni nikaondoka. Sili zilikuwa shilingi 45,000, ufundi 120,000.

Siku tatu za kwanza moshi ulikuwepo bado, nikaingiwa na hofu. Mzee alikuwa ameshanionya: oili iliyolala ndani ya ekzosi lazima iungue kwanza. Siku ya nne nilishuka Kitonga mdogo wangu akiwa nyuma tena. Nilipokanyaga mafuta pale chini nilisubiri agonge bodi. Hakugonga.

Kilomita 500: mililita 110. Zilizofuata: 90. Mzee anataka kuiona tena ile valvu ya silinda ya 3 mwakani, na plagi ya 3 naichomoa kila mwezi kuitazama. Chupa ya mtoto iko nyuma ya siti, pamoja na daftari.