Futi Shingoni

Desemba ya 2019 nilishona sare za shule mpaka kalio la kulia likagoma. Dodoma ilikuwa imetangazwa jiji mwaka uliotangulia, watumishi wa serikali walikuwa wanahamia na watoto wao, na kibandani kwangu Majengo oda za sketi na kaptula hazikuisha. Tangu alfajiri nilikuwa kwenye stuli ya mbao, mguu wa kulia ukikanyaga pedeli ya cherehani.

Maumivu yalianzia katikati ya kalio, yakashuka nyuma ya paja hadi kwenye shavu la mguu. Nikisimama yanatulia, nikikaa dakika kumi yanawaka. Zahanati niliyokwenda kwanza walisema mgongo, wakanipa vidonge vya maumivu, diklofenaki. Nilizimeza wiki tano, tumbo nalo likaanza kunichoma. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Hilo linaniuma hadi leo.

Jirani ndiye aliyenipeleka hospitali, chumba cha mazoezi tiba. Nilimkuta kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Aliuliza mengi kabla ya kunigusa. Nashindwa kubana mkojo? Nina ganzi sehemu za siri? Hapana. Akanilaza chali, akainua mguu ukiwa umenyooka, haukuuma sana. Kisha akamwita dada muuguzi asimame nasi, akaniomba ruhusa, akanilaza ubavu wa kushoto. Alikunja nyonga yangu ya kulia, akalisukuma goti kuelekea kitandani. Nilipiga kelele. Alipobonyeza kidole gumba katikati ya kalio, maumivu yangu yaleyale yakaja.

"Mama, kazini unakaliaje?"

Nusura nilie. Nikamweleza stuli, jinsi ilivyoinamia kulia, jinsi goti langu linavyokaa limetazama nje siku nzima.

Futi ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Nilitoka kibandani bila kuivua. Akaniomba, akaitandaza mezani, akakunja khanga yangu na kuilaza juu yake. "Futi hii ni neva ya siatiki, mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote mwilini. Khanga ni msuli unaoitwa pirifomisi. Umeshika mfupa wa chini ya mgongo, ukaenda kushika juu ya mfupa wa paja. Kwa wengi neva inapita chini ya msuli, kwa wachache inapita katikati yake." Akaikandamiza khanga kwa kiganja, akaniambia nivute futi. Haikuja. Miaka yote ya kuvuta vitambaa chini ya cherehani, nilielewa papo hapo.

Alisema hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha tatizo hili, ndiyo maana alianza kwa kuuchunguza mgongo, kwa maswali yale na kuinua mguu. Kisha tukashuka kwenye mkeka. Kulala chali, kifundo cha mguu wa kulia juu ya goti la kushoto kama namba 4, kuvuta paja la kushoto kifuani, sekunde 30, mara tatu. Kuvuta goti la kulia kuelekea bega la kushoto. La tatu lilinichosha kuliko yote: kulala ubavu, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana, kufungua goti la juu kama mfuniko wa sanduku. Nilisema nitafunga magoti kwa lastiki ya sketi ili pawe na ukinzani. Akasema ni laini mno, nikate mpira wa ndani wa baiskeli, ila nianze bila mpira kwanza. Na kila nusu saa niinuke, nitembee.

"Ukivuta usikie msuli unanyooka. Ukisikia umeme unashuka mguuni, legeza."

Jioni hiyo hiyo seremala alinisawazishia stuli. Nafuu haikuja haraka. Wiki mbili za kwanza nilidhani napoteza muda. Lakini mwanzoni mwa Februari, Jumapili, mimi niliyekuwa nasimama nyuma ya kanisa niliketi kwenye benchi na wenzangu, mahubiri yakaanza, yakaisha, nami bado nimeketi.