Kukadiria desimali: usipande ngazi

Kadiria 2.3448 kwa nafasi moja ya desimali. Wengi wanaandika 2.4, na ni kosa. Wameanzia mwisho: 2.345, kisha 2.35, kisha 2.4. Hapana jamani! Tazama tarakimu moja tu, ile inayofuata nafasi unayoitaka. Hapa ni 4, kwa hiyo 3 inabaki ilivyo na zilizobaki zinaondoka: 2.3. Ingekuwa 5 au zaidi, ungeongeza 1.

Ile 9 nayo husumbua. 4.997 kwa nafasi mbili: 7 inaongeza 1 kwenye 9, inakuwa 10, unaandika 0 na kubeba 1; 9 ya pili vivyo hivyo. Jibu ni 5.00. Ukiandika 5 tu, umekadiria kwa namba nzima.