Sensei alivyonifundisha kuanguka

Juzi niliteleza bafuni, maji yalimwagika sikuyaona, na kabla sijajua kinachonitokea mkono ushapiga sakafu paa! kidevu kimeingia kifuani, nipo chini mzima, hata kiwiko hakiumi. Mwanangu kasimama mlangoni macho yamemtoka, "Mama, nani alikufundisha kuanguka?" Nikakaa palepale kwenye maji nikalia.

Zaidi ya miaka 20 sijakanyaga tatami, ile mikeka ya judo.

Nani mwingine kama si Sensei, mwalimu wetu wa judo. Kila mazoezi nusu saa nzima ya kuanguka tu, ushiro ukemi, yoko ukemi, yaani kwa nyuma, kwa ubavu, tena, na sisi tulichotaka ni kutupa watu. Tukinung'unika anatuletea habari za Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alianzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 ana miaka 21, ndani ya hekalu huko Tokyo, tatami 12 basi, sasa nyie mnalalamikia nini. Mi nilikuwa mwoga kuliko wote. Nikitupwa nanyoosha mkono nidake sakafu, na ndivyo watu wanavyovunjika.

Siku moja akasimamisha darasa, akanijia, mkono wangu mmoja akauzungusha kiunoni kwake mwenyewe, wa pili akaushikisha kwenye mkono wa gi yake, lile vazi la judo, karibu na kiwiko, akasema, "Nitupe." Nikaingiza nyonga, o-goshi, ule mtupo wa nyonga, mbovu kabisa, nikamtupa mzee wa watu na mvi zake. Paa! Kainuka, kaweka mkanda sawa, "Tena." Paa! Ya tatu sijui ya nne, bado yuko chini, akauliza, "Umesikia nini?" Mkono, Sensei. "Na mgongo?" Mgongo sijausikia. "Haya, zamu yako."

Nikanyanyuliwa, na huko hewani nilihisi kitu kimoja tu, vidole vyake vimeng'ang'ania gi yangu pale kiwikoni, na nikikaribia chini akanivuta juu kidogo, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Nikapiga tatami. Sikuumia popote. Ndo hapo nikaelewa kwamba mi mara zote zile nilimwachia. Anayetupa anatakiwa amshikilie mwenzie mpaka chini, tulishafundishwa hilo, na mi kwa uoga nikafungua vidole, mzee akaanguka peke yake mara tatu nne na hakusema neno.

Baada ya hapo nikafika mkanda wa kahawia, maisha yakanivuta, nikaacha bila kuaga, na habari za msiba zikanifikia watu wameshazika zamani.

Jana jioni tumetandika magodoro mawili sakafuni. Nikamshika mwanangu mkono wa shati, kaanguka, kacheka, anataka tena, na katikati ya kucheka nikamsimulia. Akanyamaza kidogo.

"Sasa yeye Sensei nani alikuwa anamshika?"

Nikamwambia kidevu kifuani, twende tena.