Siti ya ukutani

Usingizi umenikataa, basi naandika. Sendofu ya mdogo wangu imepita salama, wakaguzi wamekuja stoo na kuondoka, bosi wetu kahamishiwa Singida, lakini akili yangu yote imeganda kwenye maneno aliyoniambia mtoto wa kaka Jumapili jioni, akiwa amepiga magoti anafunga zipu ya begi.

"Si kitu, Shangazi. Nitakuwa nawahi siti ya ukutani."

Alikuwa anaisemea laptopu niliyompa ya chuo. Laptopu yenyewe mnaijua. Ndiyo ile niliyoiunga kutoka kwenye maiti tatu: kasha na kioo ni vya ile ya mnada wa ofisi, mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) ni ya jirani aliyeikalia ya kwake kitandani, na jeki ya chaja, yaani tundu la kuichomekea, niliichomoa kwenye ile iliyomwagiwa chai, niliyowaandikia kabla ya mfungo. Prosesa, ubongo wa mashine, ni i5 ya mwaka 2012, ram GB 8, diski nikaweka SSD. Nilimkabidhi mwezi uliopita, kichwa kimenivimba kama niliyemnunulia mtu gari.

Kumbe mwezi mzima aliitumia kama redio ya mezani. Nisingejua, ila Jumapili watu wote wako kibarazani wanakula pilau lililobaki, yeye kajibanza ndani kwenye soketi ya mlangoni, miguu kaikunja ili watu wapite.

"Baba, mbona umejificha huko?" (Namwita baba, kachukua jina la marehemu baba yangu, mnakumbuka.)

"Nikiichomoa inazima, Shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zile zile." Akacheka kidogo. "Na kila nikiwasha inaniambia haiitambui chaja. Nabonyeza F1, inaendelea."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nikasema, "Vitu vya kuunga-unga ndivyo vilivyo, baba." Naye akanijibu hilo la siti ya ukutani, kwa upole kabisa, kama anayenifariji mimi.

Angelalamika ningepata pa kujitetea. Angenuna ningemwambia watoto wa siku hizi hawashukuru. Kanipa upole, na upole hauna pa kuurudishia. Jumatatu akapanda treni ya umeme kurudi Dodoma, laptopu nikamwambia aniachie.

Sasa sikilizeni ujinga wangu wa wiki nzima. Jumatatu usiku nilichukua mita nikapima ncha ya chaja: volti 19.5, safi. Nikahukumu betri. Jumanne nikaazima betri ya mwenzangu wa uhasibu, ana mashine ya aina hiyohiyo. Ile betri ina kitufe ubavuni, ukikibonyeza zinawaka taa tano ndogo, zote zikawaka. Nikaipachika, laptopu ikaenda bila waya zaidi ya saa nzima. Nikachomeka chaja: haichaji. Jumatano nikaazima na chaja yake pia (sasa ananikimbia akiniona kwenye korido). Ujumbe uleule, haiitambui.

Mwenye akili angeelewa tangu Jumatatu. Chaja za aina hii ncha yake ni ya duara, na katikati ina kisindano chembamba. Umeme wa kuendeshea mashine haupiti kwenye kisindano, unapita kwenye bomba lenyewe, chanya ndani, hasi nje. Kisindano ni mdomo. Ndani ya chaja kuna chipu ndogo ambayo kazi yake ni kujitaja kwamba mimi ni wati 65, au 90. Mashine isipolisikia jibu hilo, inapokea umeme kwa shingo upande: inawaka, lakini haiichaji betri, na kasi inaibana isije ikaielemea chaja isiyoijua. Prosesa ya 2.6 GHz ilikuwa imekwama kwenye 1.2, ndiyo maana kijana alikuwa akifungua faili moja anakwenda kunywa maji. Ni kama dereva anayefika kwangu stoo na lori limejaa ila hana delivari noti. Mzigo nauona kwa macho, lakini kwenye leja siuingizi.

Kwa hiyo mita yangu haikunidanganya. Niliiuliza kama umeme upo, nayo ikanijibu.

Alhamisi nikaifungua. Waya wa jeki una nyaya nene za umeme na mmoja mwembamba kama uzi wa kushonea, ndio wa kisindano. Nikaiweka mita kwenye mlio, inalia waya ukiwa mzima, ncha moja kwenye kisindano, nyingine upande unaoingia kwenye mazabodi. Kimya. Nikautingisha waya, ikalia mara moja, ikanyamaza. Nikaufuata kwa kucha sentimita kwa sentimita nikidhani nitakuta kutu ya ile chai. Sikukuta kutu. Karibu na bawaba ya kulia, mahali pasipo njia ya waya kabisa, ule uzi ulikuwa umelala chini ya skrubu, bapa, ngozi imechanika, shaba imekatika ndani.

Skrubu ile niliifunga mimi. Kabla ya kuifunga niliijaribu, na ilichaji vizuri, hata picha niliwapostia. Baada ya kuifunga sikujaribu tena kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuifuta vumbi na kuitafutia begi zuri.

Nilicheka, kisha nikanyamaza ghafla. Zile maiti tatu hazikuwa na kosa hata moja. Mazabodi ya jirani nzima, jeki ya chai nzima, betri nzima, nikazisingizia mbele ya mtoto. "Vitu vya kuunga-unga ndivyo vilivyo." Mkono wangu ndio ulivyo.

Kuuunganisha hakukuchukua hata nusu saa. Wembe, risasi ya kulehemu kidogo, tepu nyeusi, nikaurudisha waya kwenye mfereji wake, nikafunga bawaba, na safari hii nikajaribu baada ya kufunga. Ujumbe haukutokea. Taa ya betri ikawaka.

Nikampigia simu saa nne usiku. Nikamwambia yote, pamoja na skrubu, pamoja na kwamba kosa lilikuwa langu wala si la vyuma chakavu. Upande wa pili kimya, halafu:

"Ahsante sana, Shangazi." Kimya tena. "Ila mimi nilishabadilishana kitanda na mwenzangu ili niwe karibu na soketi. Nilimwachia cha dirishani."

"Si umwombe mbadilishane tena?"

"Aa, keshatundika chandarua chake. Si kitu."

Hiyo "si kitu" yake ya pili bado sijajua niiweke wapi. Kesho asubuhi natuma mzigo stendi, nimeufunga kwa kanga mbili.

Na mama leo kanipigia mara tatu. Kila nikipokea nasikia kuku tu, halafu inakatika. Nikimpigia anasema alibonyeza kwa bahati mbaya. Mama anaifunga simu yake kwenye upindo wa khanga, mafundo mawili, haibonyezeki kwa bahati mbaya. Nimemuuliza dawa za presha zimebaki ngapi, kaniuliza mvua huko Morogoro imenyesha.