Plagi za RX-8: mimi sisubiri ianze kumisi

Nina Mazda RX-8 hapa Tabora, Ipuli, mwaka wa tano huu, na kinachonikera ni watu kuniambia eti plagi za iridium unafunga unasahau mpaka kilomita 100,000. Hiyo ni kwa gari za pistoni jamani! Hii ni rotari, ina rota mbili za pembe tatu, na plagi inapiga moto kila shafti ikizunguka mara moja, wakati ya pistoni inapiga kila mizunguko miwili. Halafu injini yenyewe inajipa oili kidogokidogo ndani ijilainishe, inaungulia humohumo na kuchafua plagi. Mazda wanasema kilomita 60,000, mimi zikifika 40,000 natoa.

Nilijua kwa machungu. Natoka Nzega, nimepita Puge, nikikanyaga inamisi, yaani inakuja kwa kushtukashtuka na nyuma harufu ya petroli mbichi, na hiyo petroli isiyoungua ndiyo inayoua masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi. Nikaagiza plagi nne Dar, zikaja na basi, kama laki tatu hivi ukiweka na nauli ya mzigo. Fundi akang'oa zote nne kwa mpigo, mpya akazimwaga kwenye beseni. Namwambia fundi, za juu na za chini haziko sawa. "Kaka, plagi ni plagi tu." Akafunga, ikawaka, lakini ikisimama inatetemeka kama mtu ana malaria, ukikanyaga haina nguvu. Siku hiyo hata chakula sikula.

Asubuhi nikapiga jeki mwenyewe, nikatoa tairi ya mbele kushoto maana plagi ziko upande huo, ukipitia juu utachunika mikono bure. Nikapuliza vumbi kwanza lisiingie ndani. Nafungua ya chini, nafuta na kitambaa, nasoma: RE9B-T. Hiyo T ni ya juu! Chini inakaa RE7C-L. Nikafungua ya pili, hivyohivyo. Alizigeuza zote! Nikaomba rangi ya kucha kwa mke wangu, nyekundu, nikapaka waya za chini zote mbili, nikarudisha kila moja kwake. Kuwasha tu, ikatulia kimya, nilicheka peke yangu pale uani. Siku hizi nabadilisha moja moja, natoa hii naweka hii. Koili nazo, zile zinazozipa plagi umeme, zicheki, zikichoka zinamisi vilevile ukadhani ni plagi.

Na ukiiwasha ya baridi usiizime kabla injini haijapata moto, hata kama unaisogeza tu ioshwe, plagi zitalowa. Ikigoma, kanyaga mafuta mpaka chini kabisa ndo upige stata, hapo petroli inajikata inaingia hewa tupu, pumzisha stata kidogo, rudia. Betri iwe imejaa lakini.

Sasa hivi nina 38,000 tangu zile. Inaenda vizuri tu, ila nyingine nimeshaagiza, ziko kwenye basi.